Wanapata kwa vijiti, wanakosa kwenye daftari: jibu kwa mwalimu wa darasa la pili

Swali: Shikamoo mwalimu. Ninafundisha darasa la pili katika shule ya kijijini wilayani Kilosa, wanafunzi 90 chumba kimoja. Tangu Januari natumia vijiti na visoda kufundishia kujumlisha na kutoa. Wakiwa na vijiti, wengi wanapata. Nikiviondoa, hesabu kama 42 − 17 wanaandika 35. Mwalimu Mkuu anasema vijiti ni vya darasa la awali, vinawadumaza watoto, niviache. Je, niviache? Na mwenzangu wa darasa la awali anauliza afanye nini mapema ili watoto wasinifikie wakiwa hivi.

Jibu: Marahaba, mwalimu. Usiviache. Ila usiendelee kuvitumia kama unavyovitumia sasa, maana Mwalimu Mkuu wako ameona tatizo la kweli. Ni dawa tu aliyopendekeza isiyofaa. Mtoto anayefika darasa la nne bado anahesabu kijiti kimoja kimoja amechelewa kweli, na kadiri namba zinavyokua ndivyo atakavyozidi kuachwa. Lakini kilichomchelewesha si kijiti. Hakuna aliyemwonyesha kwamba alichokifanya kwa mkono na anachokiandika kwa kalamu ni jambo moja.

Tuanze na hiyo 35, kwa sababu imebeba habari nyingi. Mtoto hakubahatisha. Kwenye mamoja aliona 2 na 7. Amezoea kwamba ndogo hutolewa kwenye kubwa, akatoa 2 kwenye 7 akapata 5. Kwenye makumi akatoa 1 kwenye 4 akapata 3. Ana kanuni yake, anaifuata kwa uaminifu, na kanuni hiyo ilimpa vema zote ulipokuwa ukimpa 48 − 15 na 67 − 32. Sasa mtazame mtoto huyo huyo akiwa na vijiti. Anahesabu 42, kimoja kimoja. Anaondoa 17, kimoja kimoja. Anahesabu vilivyobaki: 25. Amepata, na wewe umefurahi. Lakini katika kazi yote ile hakukutana na kumi hata mara moja. Mkononi alikuwa na rundo la vijiti 42. Kwenye daftari ana 4 na 2 zilizosimama bega kwa bega. Kwake hizo ni kazi mbili zisizojuana. Ukiviondoa vijiti hujamnyang'anya mkongojo, kwa sababu havikuwa vimeshikilia hesabu ile ya daftari tangu mwanzo.

Mwaka 1992 Deborah Ball, mwalimu na mtafiti wa ufundishaji wa hisabati nchini Marekani, aliwaonya walimu wenzake juu ya jambo hili hili: uelewa hausafiri wenyewe kutoka ncha za vidole ukapanda mkono hadi kichwani. Mtu mzima akitazama bunda la vijiti kumi anaona kumi kwa sababu tayari anaijua kumi. Mtoto anaona vijiti. Kinachofundisha ni kile mnachokisema na kukiandika vijiti vikiwa mezani.

Kabla hujabadili lolote, pima. Chukua vijiti 16, mpe mtoto avihesabu, halafu andika 16 kwenye karatasi. Zungushia ile 6 duara na umuulize, "Hii inaonyesha vijiti vipi?" Atakusogezea sita. Kisha zungushia ile 1 na umuulize vilevile. Jaribio hili limefanywa na watafiti katika nchi mbalimbali, na watoto wengi wa umri wa darasa la pili huonyesha kijiti kimoja. Vijiti tisa vinabaki mezani bila mwenyewe, na mtoto haoni tatizo. Fanya na watoto kumi uliowachagua bila kuangalia nani hodari. Nusu saa inatosha. Wale watakaosogeza kijiti kimoja hawako tayari kwa 42 − 17 kwenye daftari, hata kama juzi walipata vema. Usiwasahihishe papo hapo. Andika majina yao tu.

Hapo ndipo mabunda yanapoingia, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo kazi yote ilipo.

Kila mtoto alete vijiti 25 kutoka nyumbani. Chelewa za fagio zinafaa sana kwa sababu unaweza kuzikata kwa urefu mmoja. Mabua membamba ya mtama nayo yanafaa. Wawili wawili wana vijiti 50, na kwa darasa lako hayo ni mafungu 45 na vijiti 2,250, bila shule kutoa shilingi. Kamba za kufungia zipatikane kwa kukata mpira wa tyubu mbovu ya baiskeli kuwa pete nyembamba. Tyubu moja itatoa pete nyingi, na fundi baiskeli atakupa bure. Watoto wafunge mabunda ya kumi wenyewe. Usiwafungie wewe, hata kama ni haraka zaidi. Mtoto aliyehesabu kumi, akafunga, akafungua na kuhesabu tena kwa kutoamini, ndiye atakayekubali baadaye kwamba ndani ya bunda mna kumi bila kuchungulia. Kukubali huko ndiko tunakokutafuta.

Wiki ya kwanza usifundishe kutoa kabisa. Sema namba, waionyeshe. "Thelathini na sita": mabunda matatu, vijiti sita. Andika 46, waionyeshe. Onyesha mabunda mawili na vijiti tisa, waandike. Waambie waongeze kijiti kimoja: sasa vipo kumi, tufanyeje? Watafunga. Hapo wamejumlisha kwa kupandisha kumi kabla hujawatajia jina la jambo hilo. Wakati huo huo wazoeshe kuisema namba kwa njia mbili. Kumi na saba inajieleza yenyewe, lakini ishirini na arobaini hazisemi ndani yake mna makumi mangapi. Kwa hiyo wakionyesha 43 waseme "arobaini na tatu", kisha waseme "makumi manne na tatu". Baada ya wiki mbili tatu hutalazimika tena.

Sasa 42 − 17. Katika kila jozi, mtoto mmoja ashike vijiti na mwenzake ashike kalamu, na sheria iwe moja tu: hakuna kijiti kinachosogea bila kalamu kuandika, na kalamu haiandiki kabla kijiti hakijasogea. Mwenye vijiti anaweka mabunda manne na vijiti viwili; mwenye kalamu anaandika 42, na chini yake 17. Tunataka kuondoa vijiti saba. Vipo viwili. Usiwaambie la kufanya. Nyamaza, hata kama ukimya utakusumbua. Wapo watakaosema haiwezekani, na wapo watakaonyoosha mkono kwenye bunda. Anayefungua bunda aseme kwa sauti, "Nafungua kumi moja, yamebaki makumi matatu, vijiti vimekuwa kumi na mbili." Mwenzake anakata 4 anaandika 3, anakata 2 anaandika 12. Wanaondoa saba, kalamu inaandika 5. Wanaondoa bunda moja, kalamu inaandika 2. Ishirini na tano. Kisha wabadilishane, aliyekuwa na kalamu achukue vijiti.

Yule mtoto wa 35 akifanya hivi, kuna wakati atasimama. Kwa mara ya kwanza anaona kwamba ile 7 haiwezi kutolewa kutoka kwenye 2 ya mezani, na kwamba kugeuza ikawa 7 toa 2 ni kuondoa vijiti ambavyo havikuulizwa. Mwache aseme mwenyewe kwa nini 35 haiwezi kuwa kweli. Mwulize: "Ulikuwa na makumi manne na vijiti viwili, umeondoa kumi moja na vijiti saba. Yanaweza kubaki makumi matatu na vijiti vitano?" Swali hili linazidi kusahihisha kwa kalamu nyekundu mara nyingi.

Siku mbili tatu hivi zikipita, vijiti vibaki mezani lakini kazi ihamie kwenye mchoro. Bunda ni mstari mmoja mrefu wa kusimama, kijiti ni nukta. 42 ni mistari minne na nukta mbili. Kufungua bunda ni kukata mstari mmoja na kuchora nukta kumi pembeni. Mchoro huu ni mbaya kwa sura, na ubaki hivyo. Usiwaruhusu watoto kupaka rangi au kuchora vijiti vyenye magome, maana wataingia kwenye kuchora na kusahau hesabu. Jerome Bruner, mwanasaikolojia Mmarekani, alieleza mwaka 1966 kwamba mtu hushika jambo kwa njia tatu: kwa kutenda, kwa picha na kwa alama. Singapuri ilijenga ufundishaji wake wa hisabati wa shule za msingi juu ya mpangilio huo kuanzia miaka ya 1980. Walimu wengi wanaosikia habari hii hufanya siku ya vitu, siku ya picha, siku ya namba, kisha hawarudi nyuma. Mtoto anatakiwa kwenda na kurudi. Leo mpe 43 − 18 iliyoandikwa na umwambie akuonyeshe kwa vijiti. Kesho mwonyeshe mabunda mawili na vijiti vitano vilivyobaki na umwulize hesabu gani ingeweza kuleta jibu hilo.

Hatua inayofuata ni ya kuficha, na kwa swali lako ndiyo yenye jibu. Weka mabunda matatu na vijiti vinne mezani, watoto wote waone, kisha vifunike kwa kanga. Waambie, "Naondoa vijiti sita." Ingiza mkono chini ya kanga, fungua bunda huko huko, toa vijiti sita uviweke pembeni. "Chini ya kanga kuna nini?" Macho yao yatageuka juu, wengine watafumba. Wanavitazama vijiti kichwani. Wakishajibu, funua. Mtoto anayeweza kufanya hivi hahitaji tena vijiti kwa namba za ukubwa huo, na atakwambia mwenyewe kwa kuacha kuvigusa. Usitangaze siku ya kukusanya vijiti. Viache kwenye kopo pembeni mwa darasa; anayehitaji aende, na asiwepo wa kumcheka. Mtoto aliyenyang'anywa mapema huhamia vidoleni chini ya dawati, kwa siri na kwa aibu, na hapo hutaona tena anavyofikiri.

Nikitaja vidole, niseme wazi kwamba si aibu. Kumchapa mtoto mkono kwa sababu anahesabia vidole ni kumwondolea kifaa pekee ambacho hatakisahau nyumbani. Kinachotakiwa ni kuvitumia vizuri. Saba si moja, mbili, tatu mpaka saba. Saba ni mkono mzima na viwili. Mwambie mtoto "Nionyeshe saba", na aonyeshe kwa mkupuo bila kuhesabu. "Bado vingapi kufika kumi?" Vilivyokunjwa vinajibu.

Hapa ndipo ninapomgeukia mwenzako wa darasa la awali, kwa sababu kumi haianzii kwako.

Mwambie asiridhike na wimbo wa kuhesabu. Kuimba hadi mia ni kazi ya kumbukumbu, nayo ni nzuri, lakini mtoto anaweza kuimba hadi mia na asijue nane ni ngapi. Rochel Gelman na Randy Gallistel, watafiti wa Marekani, walipanga mwaka 1978 mambo ambayo mtoto anayehesabu kweli huwa ameyashika: kila kitu kipewe namba moja tu, namba zifuatane kwa mpangilio uleule, na namba ya mwisho ndiyo jibu la "ni ngapi". Huhesabu chochote, hata makofi ambayo hayaonekani, na anajua kwamba ukianzia kulia au kushoto idadi haibadiliki. Vipimo vyake ni vyepesi. Mtoto akimaliza kuhesabu visoda sita, mwulize, "Kwa hiyo vipo vingapi?" Akianza kuhesabu upya, bado hajajua kwamba "sita" ilikuwa jibu. Kipimo kigumu zaidi ni kumwambia, "Nipe visoda vitano." Wapo wanaohesabu vizuri ukiwapangia mstari, lakini ukiwaambia wakupe vitano wanachota tu konzi. Kisha panga safu mbili za visoda sita sita, moja imebanana, nyingine imetawanyika, uulize wapi ni vingi. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alilifanya swali hili kuwa maarufu. Watoto wengi wa miaka minne huchagua safu ndefu. Asiwabishie. Wachukue kisoda kimoja hapa na kimoja pale, wavikutanishe jozi kwa jozi mpaka viishe, waone wenyewe.

Baada ya hapo, zana ninayoipenda kuliko zote kwa awali na darasa la kwanza ni trei la mayai. Trei la kawaida lina mashimo 30, sita kwa tano. Likate vipande vitatu, kila kimoja kina safu mbili za mashimo matano, yaani kumi. Kwa trei moja umepata vibao vitatu vya kumi, na muuza chips yeyote ana rundo la matrei anayotaka kuyatupa. Mtoto anaweka visoda saba: safu moja imejaa, ya pili ina viwili, na mashimo matatu yako wazi. Hahesabu, anaona. Sasa 8 + 5. Kibao kimoja kina visoda nane, kingine vitano. "Jaza kumi kwanza." Anahamisha viwili, kibao kimejaa, vimebaki vitatu: kumi na tatu. Mtoto aliyefanya hivi mara nyingi akifika kwako, na kumi ya bunda atakuwa anaijua tayari. Na nashuku wengi wa watoto wako wanaokwama kwenye 42 − 17 wanakwama pia kwenye 12 − 7, kwa hiyo usione haya kuwarudisha kwenye trei la mayai hata darasa la pili. Kwa watoto hao ni wiki moja ya kazi.

Tahadhari moja kwa awali, nayo si ndogo: maharage, mahindi na shanga kwa watoto wa miaka mitatu minne huishia puani na masikioni, na harage likipata unyevu huko huvimba. Visoda vinatosha, mradi kingo zake zimegongwa zikalala. Kama kuna mdogo zaidi anayeletwa shuleni na dada yake, kila kitu kidogo kiwe mbali naye.

Kuhusu zana nyingine nitapita haraka. Abakasi ni nzuri lakini si ya kuanzia. Kwenye abakasi ya makumi na mamoja, shanga ya makumi ina ukubwa uleule wa shanga ya mamoja. Mtoto lazima aamini tu kwamba hii ni kumi kwa sababu iko kwenye waya wa pili. Akiwa amefunga mabunda kwanza, ataamini. Sarafu vilevile. Sarafu ya shilingi 200 hailingani kwa ukubwa na sarafu mbili za 100, kwa hiyo haimfundishi thamani. Inamtaka awe ameshaielewa. Ila kwa mtoto anayetumwa dukani, duka la darasani ni mazoezi bora ya kutoa na kurudisha chenji, kuanzia muhula wa pili. Maria Montessori, daktari wa Kiitalia aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Roma mwaka 1907, alilitatua jambo hili kwa shanga: shanga moja peke yake, shanga kumi zimetungwa kwenye waya, mia ni waya kumi zilizounganishwa kuwa mraba, elfu ni mche wa miraba kumi. Ukiinua elfu unausikia uzito wake mkononi. Shule za awali za Montessori hapa nchini zinazo shanga hizo, na ukipata nafasi ya kutembelea moja nenda ukaone, lakini usinunue. Mabunda yako ya chelewa yanafanya kazi ileile: mabunda kumi yakifungwa pamoja ni mia. Epuka pia vitu vya kupendeza sana, kama magari madogo ya plastiki na wanyama wa rangi. Mtoto anaanza kuyaendesha.

Mkifika kwenye kuzidisha, rudi kwenye trei la mayai, safari hii bila kulikata. Safu sita za matano: thelathini. Ligeuze robo mzunguko: safu tano za sita, bado thelathini, hakuna shimo lililoongezeka. Mtoto akiona hivyo, tebo za kukariri zinapungua karibu nusu, kwa sababu 7 × 4 na 4 × 7 zimekuwa kitu kimoja. Na mimi ni mmoja wa wanaotaka tebo zikaririwe. Mtoto asiyezijua kichwani ifikapo darasa la nne atataabika kwenye kugawanya na kwenye sehemu. Nachokataa ni kukariri kabla ya kuona safu. Kwa mchezo, chora bao mchangani: safu nne za mashimo manane ni 32, na kete mbili kila shimo ni 64, ndiyo hesabu kamili ya kete za bao la Kiswahili. Mtoto anayesambaza kete shimo kwa shimo, moja moja, anafanya zoezi la kuhesabu lililo safi kuliko yote, na babu yake atamsahihisha bila kulipwa.

Kwa hesabu za sehemu, anza na robo na nusu, kwa sababu wanazijua: wametumwa robo kilo ya sukari mara nyingi. Mkunje karatasi katikati, tena katikati, mkunjue, mhesabu visehemu. Kunjeni tena na mpate nane. Weka moja ya nane juu ya robo mbele ya macho yao, maana karibu kila darasa lina watoto wanaoamini kwamba 1/8 ni kubwa kuliko 1/4 kwa kuwa 8 ni kubwa kuliko 4. Tumieni pia kamba na mstatili, si duara tu. Chapati ni ngumu kuikata sawa, na mtoto akizoea duara peke yake hatajua robo ya kamba iko wapi.

Sasa la watoto 90. Usijaribu kuwapa wote vijiti kwa wakati mmoja katika wiki ya kwanza. Gawa darasa mara mbili: nusu wako nje chini ya mti, au sakafuni mbele, na vijiti, nusu wanafanya kazi ya daftari waliyoizoea, isiyohitaji msaada wako. Baada ya dakika ishirini mbadilishane. Kila jozi iwe na kopo lake, chupa ya maji iliyokatwa shingo inatosha, lenye mabunda manne yaliyofungwa na vijiti kumi huru. Kufunga kipindi nako ni hesabu: kila kopo lirudi na mabunda manne na kumi, na jozi iliyopungukiwa iseme imepungukiwa ngapi. Watoto wa mbele wawili wapokee. Kelele itakuwepo. Sikiliza kelele hiyo ina maneno gani ndani yake. Ikiwa unasikia "fungua kumi", "yamebaki makumi matatu", iache. Pita kwenye jozi saba au nane tu kila siku, ukae kwa kila moja dakika moja, na swali lako liwe lilelile: "Nionyeshe hii 3 uliyoiandika iko wapi hapo mezani." Ndani ya wiki moja na nusu utakuwa umekaa na wote.

Mtaala wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) ulioanza mwaka 2015 kwa darasa la kwanza na la pili uliipa hesabu uzito wake mapema, na zana za kujifunzia zilikuwamo. Huna unachokiuka kwa kuwa na vijiti darasa la pili. Lakini usiende kwa Mwalimu Mkuu na mtaala mkononi. Mwombe aje darasani kwa dakika kumi na aulize mwenyewe lile swali la 16, watoto sita atakaowachagua yeye. Akishaona kijiti kimoja kikisogezwa mbele ya vile tisa vilivyobaki, mtakuwa mnazungumzia jambo moja. Kisha mkubaliane tarehe, tuseme wiki sita kutoka hapo, arudi aulize tena watoto walewale, pamoja na 42 − 17 kwenye karatasi na kopo la vijiti likiwa pembeni. Aangalie mambo mawili: wangapi wamepata, na wangapi kati ya waliopata hawakugusa kopo. Na yule atakayeandika 35 tena siku hiyo, usimpe 42 − 17 nyingine. Mpe 12 − 7 na kibao cha kumi, na uanze naye hapo.